Kahama: Mji Uliowatangulia Wapimaji

Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 242,208 katika Halmashauri ya Mji wa Kahama. Sensa ya mwaka 2022 ikawakuta 453,654. Katika miaka kumi mji uliongeza zaidi ya watu 211,000, kasi inayopita asilimia sita kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikua kwa asilimia 3.2. Katika sensa hiyohiyo Manispaa ya Shinyanga, iliko ofisi ya mkuu wa mkoa, ilihesabiwa watu wapatao 215,000. Makao makuu ya mkoa, kwa hiyo, hayafikii hata nusu ya Kahama.

Tarakimu hizi zisomwe kwa tahadhari. Mipaka ya Kahama imebeba mitaa ya katikati ya mji na pia vijiji ambavyo watu wake wanaishi kwa jembe. Mwenye majaruba yake Kilago au Wendele ni mkazi wa manispaa sawa na mwenye duka la jumla katikati ya mji. Hata hivyo, mipaka ya 2012 na ya 2022 inakaribiana kiasi cha kutosha kuonyesha kilichotokea: kaya zaidi ya 42,000, ukichukulia watu watano kwa kila kaya, zilihitaji mahali pa kulala ambapo mwaka 2012 hapakuhitajika. Hiyo ni zaidi ya kaya 4,000 kila mwaka. Wengi wao ni wapangaji wa chumba kimoja au viwili, lakini hata chumba cha kupanga kina mwenye nyumba aliyetafuta kiwanja mahali fulani.

Swali la uchambuzi huu ni nani alikitoa kiwanja hicho, kwa utaratibu gani, na kwa nini njia ya kufika pale mara nyingi haitoshi gari.

Ukimuuliza Mtanzania wa mbali Kahama ni nini, atakujibu dhahabu. Jibu hilo si la uongo. Eneo la Bulyanhulu, upande wa kaskazini-magharibi wa iliyokuwa wilaya kubwa ya Kahama, lilijaa wachimbaji wadogo kwa maelfu mpaka Agosti 1996, walipoondolewa ili kuipisha kampuni iliyokuwa mali ya Sutton Resources ya Canada. Uhamisho ule uliacha kesi na madai mazito ya watu kufukiwa mashimoni, madai ambayo serikali na kampuni zilikana. Barrick iliinunua Sutton mwaka 1999 na mgodi wa chini ya ardhi ukaanza kuzalisha mwaka 2001. Kisha ukaja Buzwagi, mgodi wa shimo la wazi jirani kabisa na mji, ulioanza uzalishaji mwaka 2009. Mkataba wake, uliotiwa saini London mwaka 2007, ulizua mjadala uliosababisha mbunge Zitto Kabwe asimamishwe bungeni, na baada ya hapo ikaundwa kamati ya madini ya Jaji Mark Bomani.

Lakini migodi mikubwa haiajiri watu laki mbili, wala haiwapi nyumba. Ingekuwa dhahabu peke yake ndiyo inayojenga mji, Kakola iliyo mlangoni mwa Bulyanhulu ingekuwa kubwa kuliko Kahama. Ukitaka kuona mgodi ukijenga mji kwa mkono wake, nenda Mwadui. John Williamson aliyegundua almasi pale mwaka 1940 aliacha makazi yaliyopangwa, yenye nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali na uwanja wa ndege. Mwadui ilikuwa nadhifu, na imebaki vilevile ilivyokuwa: makazi ya kampuni. Hakuna aliyekwenda kufungua duka la vipuri Mwadui kwa ajili ya wateja wa Burundi.

Kilichoikuza Kahama ni barabara. Njia kuu kutoka Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida na Nzega hupita Kahama ikielekea Ushirombo, Lusahunga na mpaka wa Rusumo. Malori ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hupita humo usiku na mchana. Huko Isaka, jirani tu upande wa mashariki, reli na bandari kavu vimekuwa vikipokea mizigo ya nchi hizo kwa miongo kadhaa, na sasa reli ya kisasa ya kutoka Mwanza na ile ya kutoka Tabora zote zimepangiwa kukutana hapo. Ongeza mpunga. Bonde la Kahama na wilaya zinazoizunguka hulima mpunga mwingi, unaletwa mjini na Kagongwa kukobolewa, na mchele wake unanunuliwa na wafanyabiashara wa nchi jirani. Mashine ya kukoboa haihitaji mkataba wa London. Inahitaji umeme, barabara na mnunuzi.

Dhahabu ya wachimbaji wadogo ina mchango wake katika mzunguko huu, ila kwa namna isiyoonekana katika ripoti za kampuni. Machimbo yakitema, mtu wa Mwime, wa Mbogwe au wa Geita hapeleki fedha benki zote. Ananunua kiwanja Kahama, anaweka msingi, anapandisha kuta, na duara la machimbo likikauka anaacha pagale mpaka msimu mwingine. Mapagale yaliyosimama bila paa pembezoni mwa mji ni akiba za watu, zilizowekwa kwa tofali. Mpangaji wa mji asiyelielewa hili atadhani ni majengo yaliyotelekezwa.

Kwa hiyo mji huu umelishwa na migodi, barabara, reli, mashine za mpunga, maduka ya jumla, na ofisi za serikali zilizoongezeka mwaka 2012 wilaya ilipogawanywa katika halmashauri tatu: Mji wa Kahama, Msalala na Ushetu. Mji wenye mguu mmoja huanguka mguu ule ukivunjika. Kahama haikuanguka serikali ilipozuia makinikia ya dhahabu kusafirishwa nje Machi 2017 na Bulyanhulu kupunguza shughuli mwishoni mwa mwaka ule. Haikuanguka pia Buzwagi ulipofikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021. Iliumia, wenye nyumba za kupangisha walilalamika, lakini maduka hayakufungwa.

Uimara huo wa uchumi ndio unaoufanya udhaifu wa upangaji uwe wa kuudhi. Huu si mji unaokufa unaoomba huruma.

Sasa tuje kwenye kiwanja. Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji. Inatakiwa iwe na mpango kabambe, ichore michoro ya kina ya maeneo, michoro iidhinishwe, wapimaji waingie na kuweka mawe ya mipaka, ndipo afisa ardhi agawe viwanja na hati zitolewe. Ni mtiririko mzuri kabisa. Shida yake ni kwamba kila hatua ina gharama, ina foleni yake na ina saini ya mtu aliye safarini, wakati ardhi yenyewe tayari ina mwenyewe.

Mwenyewe ni mkulima. Ana ekari tatu alizoachiwa na baba yake, zilizokuwa shamba mbali na mji na sasa zimefikiwa. Hajawahi kuona mpimaji. Anayemfikia kwanza ni dalali, kijana mwenye pikipiki anayejua nani anatafuta na nani ana shida ya ada ya shule. Wanapima kwa hatua, kiwanja cha kawaida kikiwa ishirini kwa ishirini. Mkataba unaandikwa kwenye karatasi, majirani wa pande nne wanashuhudia, mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji anagonga muhuri, ofisi yake inabaki na asilimia yake, na dalali anabaki na yake. Mwezi ujao tofali zinashushwa.

Wataalamu wengi huliita hili ukuaji holela. Mimi naona neno hilo linawapa wakubwa kisingizio. Utaratibu huu una mashahidi, una kumbukumbu, una bei inayofahamika na una msuluhishi ambaye watu wanamfikia kwa miguu. Ni katika mkoa huu na jirani yake, wilaya za Kahama na Nzega, walikoanzia walinzi wa jadi wa Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wanakijiji wa huku wamezoea kuendesha mambo yao wenyewe serikali inapochelewa. Soko la ardhi la Kahama linafanya kazi haraka kuliko ofisi yoyote ya ardhi nchini. Lina kasoro moja kubwa, na kasoro hiyo inahesabika.

Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,000. Ukiikata ishirini kwa ishirini bila kuacha njia, unapata viwanja kumi. Ukiacha njia ya gari, unabaki na tisa, pengine vinane. Barabara, basi, inamgharimu muuzaji kiwanja kimoja au viwili kwa kila ekari, na hakuna anayemlipa kwa hasara hiyo. Jirani yake ambaye hakuacha njia anauza kumi. Mnunuzi wa kwanza naye hajali sana, maana siku anayonunua bado kuna mashamba wazi pande zote na gari linapita popote. Njia inajulikana kuwa haipo siku mnunuzi wa mwisho anapojenga ukuta.

Humo ndimo linamokaa tatizo lote la mji. Mwenye nyumba akipata moto, gari la zimamoto linasimama mbali. Gari la kunyonya majitaka halifiki, na katika mji unaotegemea vyoo vya shimo na makaro, choo kisichofikiwa na gari hujaa na kuhamishiwa upande wa pili wa uwanja, hatua chache kutoka kisima. Maji ya mvua, yaliyokuwa yakitawanyika mashambani, yanatafuta njia kati ya kuta na kuingia kwa aliyejenga bondeni. Bajaji ya kumpeleka mjamzito hospitali nayo inahesabu sentimita.

Halmashauri si mgeni wa haya. Tatizo ni kwamba mamlaka zinazotakiwa kulishughulikia zimegawanyika vipande. Upangaji ni wa manispaa. Barabara za mitaa ni za TARURA tangu mwaka 2017. Barabara kuu ni ya TANROADS. Mabomba ni ya mamlaka ya maji ya Kahama, KUWASA, inayonunua maji kwa jumla kutoka KASHWASA. Nguzo ni za TANESCO. Hati ni za Wizara ya Ardhi. Kisheria ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na ya mjini iko chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka huohuo. Katika kata za pembezoni ambako mji unakutana na kijiji, mkulima wa kawaida hawezi kukuambia yuko chini ya ipi, na mwenyekiti wake anagonga muhuri vilevile.

Katika mpangilio huu, anayefika kwanza ndiye anayepanga. Na Kahama, aliyefika kwanza miongoni mwa wakubwa alikuwa maji.

Mradi wa maji ya Ziwa Victoria ndio uamuzi mkubwa zaidi wa mipango miji kuwahi kufanywa kwa ajili ya Kahama, ingawa haukuitwa hivyo. Maji yanavutwa Ihelele wilayani Misungwi na kusafirishwa kwa bomba hadi Shinyanga na Kahama. Serikali ililipa kwa fedha za ndani, ikikaidi msimamo wa Misri uliojengwa juu ya mkataba wa maji ya Nile wa mwaka 1929 uliotiwa saini na Uingereza, mkataba ambao Mwalimu Nyerere alikataa kuurithi tangu uhuru. Rais Jakaya Kikwete aliuzindua mwaka 2009. Baadaye bomba lilinyooshwa hadi Isaka na Kagongwa, mradi uliozinduliwa na Rais John Magufuli Januari 2021, katika ziara ileile aliyotangaza kuupandisha mji wa Kahama kuwa manispaa.

Fikiria maana ya bomba lile kwa mwenye mashine, mwenye gesti, mwenye kiwanda cha tofali. Kabla yake, ukame ulikuwa ukiuwekea mji kikomo. Baada yake, kikomo hicho kiliondoka, na sensa iliyofuata ikaonyesha matokeo. Lakini bomba la usambazaji linawafuata wateja. Wananchi wakijenga, wanaomba maji; wakipata maji, thamani inapanda; jirani anauza viwanja vingine. Umeme nao hufuata vivyo hivyo. Huduma zinapogawiwa kwa kufuata nyumba badala ya nyumba kufuata huduma, kila mita inayounganishwa inamthibitishia mnunuzi kwamba mahali pale ni mjini, mchoro wa mipango miji uwepo au usiwepo.

Tena kuna kinaya ambacho wenye nyumba wanakijua vizuri. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia umeme wa LUKU. Nyumba ambayo haionekani kwenye ramani ya mipango miji inaonekana bila shida kwenye mashine ya umeme, na kodi yake inakatwa humohumo. Halmashauri, ambayo ndiyo inayotakiwa kuipangia nyumba ile njia na mtaro, haipo katika muamala huo. Mji ukikua kwa nyumba elfu nne, ofisi ya mipango miji haipati sababu yoyote ya kifedha ya kufurahi.

Kilichoipa Kahama fedha za aina yake ni ushuru wa huduma wa migodi, uliokuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Mgawanyo wa mwaka 2012 uliipa Msalala Bulyanhulu, na Kahama Mji ikabaki na Buzwagi. Kwa mji wa ukubwa ule, kuwa na mgodi ndani ya mipaka yake lilikuwa jambo la bahati ambalo Singida au Tabora hazikuwa nalo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yakaongeza sharti kwamba mpango wa kampuni wa kurudisha faida kwa jamii ukubaliwe na halmashauri.

Fedha za aina hiyo, Kahama na kwingineko katika ukanda wa dhahabu, huelekea kwenye vitu vinavyozinduliwa: darasa, zahanati, wodi. Siwalaumu madiwani. Mtoto anayekaa chini ya mti ana haki ya darasa, na diwani anayeomba kura anahitaji kitu cha kuonyesha. Upimaji wa shamba ambalo bado ni shamba hauna utepe wa kukata. Ila ndivyo dirisha la fursa hufungwa: miaka kumi na miwili ya Buzwagi ilikuwa muda wa kununua hifadhi za barabara kwa bei ya shamba. Leo ni kwa bei ya kiwanja, na kesho itakuwa kwa bei ya nyumba.

Geita inafaa kuangaliwa hapa, kwa sababu ilianguka upande wa pili. Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, na mji wenyewe umegusana na leseni ya mgodi kiasi kwamba kuna mitaa ambayo wakazi wake wamelalamika miaka mingi kuwa wako ndani ya vigingi, hawawezi kuendeleza nyumba zao wala hawalipwi waondoke. Pale mpaka umechorwa mapema mno, na aliyeuchora ana shughuli nyingine. Kisha kuna Katoro, njia ya kwenda Chato, mji wa biashara usio na mgodi mkubwa mlangoni. Umeungana na Buseresere mpaka mgeni hajui anapotoka mmoja na kuingia mwingine, ila Katoro iko Wilaya ya Geita na Buseresere iko Wilaya ya Chato. Barabara ya mtaa ikivuka mpaka ule, inahitaji vikao viwili vya madiwani. Ukilinganisha na hao, Kahama ina bahati: mamlaka moja na ardhi tambarare pande zote. Haina kisingizio cha jiografia.

Dawa inayotumika nchini kwa sasa inaitwa urasimishaji. Watu wakishajenga, kampuni au halmashauri inaingia, inapima vilivyopo, wakazi wanachangia gharama, michoro inapitishwa na hati zinatolewa. Una faida zake. Mwenye hati analala usingizi, anaweza kukopa, na migogoro ya mipaka inapungua. Lakini urasimishaji hauwezi kurudisha barabara iliyokwisha kuuzwa. Kamati ya mtaa inakaa na kumwomba kila mmoja asogeze ukuta mita moja. Tisa wanakubali. Wa kumi, ambaye nyumba yake ya kupangisha imesimama palepale, anakataa, na bila fidia sheria haimlazimishi kirahisi. Mchoro unapita na njia ya mita tatu, na njia ile inakuwa ya kudumu kwa sababu sasa ina muhuri wa serikali. Nathubutu kusema kwamba urasimishaji bila upangaji wa mbele ni ahadi kwa wauzaji wa leo kwamba makosa yao yatasafishwa kesho.

Dawa ya pili ni miradi mikubwa ya miundombinu. Kahama imo katika kundi la kwanza la miji 12 ya mradi wa TACTIC unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mradi utakaofikia miji 45. Barabara za lami, mitaro, taa na masoko vinahitajika, tena sana; mfanyabiashara anayekanyaga tope kila masika hahitaji kuelezwa umuhimu wa lami. Barabara ya Kahama hadi Kakola, kilomita 73 zilizosubiriwa kwa miaka mingi, nayo itabadilisha biashara ya upande ule. Lakini lami huwekwa mahali barabara ipo tayari. Fedha hizi huboresha mji uliokwisha jengwa na huacha pembezoni mikononi mwa dalali. Tena hupandisha thamani ya ardhi kando ya barabara mpya, na thamani ile huchukuliwa na mwenye shamba aliyekuwa na bahati ya kuwa pale.

Na kuna mustakabali unaozungumzwa. Mwaka 2024 eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi, zaidi ya hekta 1,300, lilitangazwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, likiwa na uwanja wa ndege, umeme na majengo yaliyoachwa. Kiwanda cha kusafisha madini ya nikeli kutoka Kabanga wilayani Ngara kilipangiwa hapo na leseni yake ikatolewa mwaka huohuo. Kiwanda chenyewe bado ni ahadi, na bei ya nikeli duniani imekuwa haina huruma kwa ahadi za namna hiyo. Matokeo yake mjini hayasubiri. Dalali wa Mwendakulima haulizi upembuzi yakinifu unasemaje; anasema hapa ni karibu na kiwanda, na bei inapanda. Mji unaweza kupata foleni ya viwanja kwa ajili ya kiwanda ambacho hakijaja.

Sioni kwamba Kahama inahitaji mpango kabambe mnene zaidi. Vitabu vya aina hiyo vinachukua miaka kuandikwa, na kwa kasi ya asilimia sita kwa mwaka ramani huwa imekwisha pitwa siku ya kuidhinishwa. Inahitaji mpango mwembamba unaomtangulia dalali: barabara kuu za kata, mabonde ya maji, na maeneo ya shule, soko na makaburi. Hivyo tu vichorwe ardhini kwa vigingi, katika kata zote zinazopakana na mji, kabla ya mashamba kukatwa. Nyumba zijipange zenyewe ndani ya mraba unaobaki; soko la ardhi limeonyesha linaweza.

Hesabu yake haitishi. Kaya 4,200 kwa mwaka zikipewa kila moja ishirini kwa ishirini ni ekari zipatazo 415, na hilo ni kadirio la juu kwa kuwa wengi watapanga. Ukiongeza robo ya eneo lote kwa ajili ya njia na huduma, unafika kama ekari 550. Zinazotakiwa kuwa za umma ni chini ya 140 kwa mwaka. Halmashauri haihitaji kuwafidia wakulima wa ekari 550. Inahitaji kumlipa mkulima vile viwanja viwili vitatu kwa kila ekari ambavyo barabara na shule zinamnyima, au kukubaliana naye kwamba atapimiwa bure na kugawana viwanja, mtindo ambao halmashauri na kampuni za upimaji tayari wanautumia sehemu mbalimbali nchini. Kiwanja kilichopimwa chenye barabara kinauzwa ghali kuliko kisichopimwa, kwa hiyo viwanja saba vyenye hati vinaweza kumzidishia mkulima kuliko kumi vya hatua. Ni biashara ambayo pande zote mbili zinapata, ilimradi afisa ardhi asianze kwa kumhofisha mwenye shamba.

Mifano ya kujifunzia ipo, mizuri na michungu. Baada ya Magufuli kuvunja Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, mwaka 2017, Jiji la Dodoma liliuza viwanja kwa kasi mpaka likaongoza nchini kwa makusanyo, kisha likakabiliwa na malalamiko ya viwanja vyenye wamiliki wawili na ya wakulima wasiolipwa. Mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2002, ulipima vizuri lakini vingi vilikaa miaka mingi bila kuendelezwa kwa sababu maji na barabara havikufika, huku wenye kipato kidogo wakishindwa bei. Funzo ni kwamba halmashauri ikigeuka dalali mkubwa, itakuwa na tamaa za dalali. Ndiyo maana napendelea ishike barabara na iache viwanja.

Kuna pingamizi moja la haki. Mkulima wa mkoa huu anakumbuka kuhamishwa: operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970, Bulyanhulu mwaka 1996, na wale waliopisha Buzwagi. Akiona kigingi chekundu shambani, anaona mtu anakuja kumwondoa. Sheria inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, na anajua ipi kati ya sifa hizo tatu hukosekana. Kwa hiyo kigingi kisitangulie fedha. Halmashauri ianze na kata moja, ilipe palepale au isaini ubia mbele ya mkutano wa hadhara, na mwenyekiti wa mtaa awe na nakala ya ramani ukutani ili asigonge muhuri kwenye mauzo yanayoziba barabara. Muhuri ule ndio udhibiti pekee wa ujenzi unaofika kila kona ya Kahama. Ni ajabu kwamba hakuna anayeutumia.

Jambo la haraka ni dogo kuliko yote. Msomaji mwenye diwani katika mojawapo ya kata za pembezoni, Busoka, Mwendakulima, Mhungula au nyingine, akutane naye kabla ya kikao cha bajeti na amuulize kitu kimoja: mwaka huu wa fedha, ni kilomita ngapi za hifadhi ya barabara zimelipiwa na kuwekewa vigingi katika mashamba ambayo bado hayajauzwa? Jibu likiwa sifuri, basi mitaa ya kata hiyo inaendelea kuchorwa na dalali.